Kimya cha Mapigo Manne

Mshika mila ni mtumwa. Najua wahenga walisema kinyume chake, kwamba mtumwa ni yule anayeiacha, lakini wahenga hawakuwahi kukaa kila Alhamisi kwa miaka sita mbele ya Haji Muntasir. Wangekaa naye Alhamisi mbili tu, wangeifuta methali yao kwa viganja vyao wenyewe.

Haji Muntasir alikuwa karani wa forodha hapa Port Said, na kazi yake yote ilikuwa kugonga mihuri. Alipostaafu, mkono ulibaki ukitafuta cha kugonga. Ndipo akaunda Jumuiya ya Wapenzi wa Simsimia ya Asili, akajipa uenyekiti, akaanza kugonga nyimbo: huu ni wa asili, upite, huu si wa asili, urudi melini ulikotoka. Wanachama wake ni wanaume kumi na wanne, na wote wana bawasiri na maoni.

Kikundi chetu kiliitwa Wana wa Gati. Mimi ndiye niliyepiga simsimia, na maneno ya nyimbo yalikuwa yangu. Simsimia, kinubi chetu kidogo cha nyuzi, niliirithi kwa baba. Kwa kuwa ni mwanamke, wale kumi na wanne walichukua mwaka mzima kunizoea, kisha wakanipa sifa yao kubwa kuliko zote: "Kwa mtoto wa Hilmi, si mbaya." Binamu yangu Fikri alipiga ngoma. Mwimbaji alikuwa Ami Badawi, rafiki wa marehemu baba, mzee wa miaka sitini na tatu mwenye kibanda cha kubadilisha betri za saa, na sauti ya kumshusha baharia melini akasahau kupanda tena.

Tulikutana kila Alhamisi baada ya alasiri katika ukumbi wa mtaa, huku Mtaa wa Waarabu. Damma yetu, ndivyo tunavyouita mkusanyiko huo, haikuwa na jukwaa wala watazamaji. Watu hukaa duara, chai inazunguka, mmoja anaanzisha, wote wanatoa jawabu. Mwimbaji akinyamaza, zamu ni ya watu. Asiyeitikia ni mgonjwa, au katoka Cairo.

Nyimbo zetu zilikuwa arobaini na moja. Nyingi ni za vita na za kuhamishwa, miaka ile watu wa Mfereji wa Suez walipotawanywa mikoani kama kunde juani, wakaimba na kuitikia kwamba watarudi. Ni nyimbo nzuri, sibishi. Lakini mimi nina miaka ishirini na saba. Nimeimba kurudi nyumbani kutoka vita vilivyokwisha kabla mama hajaolewa, nikarudi, nikarudi, nikarudi tena, mpaka miguu imeota sugu na nyumbani sijapaona.

Siku moja nilibadili neno moja tu. Palipokuwa na "treni" niliweka "lori". Haji Muntasir akanyanyua kiganja, wimbo mzima ukasimama.

"Ni treni," alisema.

"Bibi yangu alihamishwa kwa lori, Haji."

"Bibi yako alikosea."

Wale kumi na watatu wengine wakatikisa vichwa kumsikitikia bibi yangu, marehemu asiyejua alichopanda. Nilirudi nyumbani na hasira hizo, nikaandika wimbo wa *Kivuko cha Saa Moja*.

Ulikuwa wimbo wa msichana wa kiwanda cha nguo anayevuka mfereji kila asubuhi kutoka ng'ambo, kwa sababu nusu ya wasichana niliosoma nao wako huko, na hakuna aliyewahi kuwaimba. Ulianza hivi:

*Nimeamka Bur Fuad, usingizi nimeubeba mkobani,*
*Nikashone suruali za miguu nisiyoijua.*
*Mia mbili kwa siku, na pindo langu limefumuka.*
*Nani atanishonea mimi?*

Baada ya swali hilo niliweka kimya. Mapigo manne, hakuna chombo, hakuna sauti. Kisha gitaa la besi linaingia chini kabisa, kinanda cha umeme juu yake, ngoma ya mashine, na simsimia yangu niliyoitia waya wa umeme, ikilia kama kitu kilichobanwa mlangoni.

Ami Badawi alisikiliza mazoezini, mikono kaifumbata.

"Hapa kwenye kimya," aliuliza, "jawabu ni lipi?"

"Hakuna jawabu, Ami."

"Hakuna?"

"Ndiyo maana yake. Anauliza, na hakuna anayemjibu."

"Haya. Wewe ndiye mwenye maneno." Akauimba, na alipouimba yeye niliona haya kwamba nimewahi kumpa nyimbo nyingine.

Alhamisi ya kwanza tulipoutoa, ukumbi ulikuwa na watu tisini. Fikri alikuwa amewaita vijana, na wasichana wa kiwanda walikuja na sare zao za buluu. Jumuiya ilikaa mbele, kama kawaida yake, kila mtu na glasi yake ya chai. Tulianza na nyimbo tatu za zamani ili kuwalainisha. Wakalainika, wakaitikia, Haji Muntasir akafumba macho kwa raha. Ndipo tukaingia *Kivuko*.

Ami Badawi akafika kwenye swali. "Nani atanishonea mimi?"

Kimya. Pigo la kwanza. Pigo la pili. Na katika kimya kile, peke yake, kwa mapafu yake yote ya forodha, macho bado kayafumba, Haji Muntasir akajibu:

"Tutaruuudi!"

Wenzake kumi na watatu walikuwa wameshafungua vinywa, wakavifunga kwa wakati. Yeye hakuwahi. Sauti yake ilizunguka ukumbi mzima ikakosa pa kukaa. Msichana mmoja wa kiwanda alisema, "Rudi basi na sindano, Haji," na ukumbi ukapasuka. Fikri aliangusha kichwa juu ya ngoma, mabega yanatetemeka. Mimi nilicheka mpaka nikakosa pigo la kuingia. Sifichi. Ami Badawi hakucheka.

Mtu alikuwa ameshika simu. Kufikia sala ya Ijumaa, mji mzima ulikuwa umeiona video. Jumamosi Haji Muntasir alikwenda sokoni, akashika mkizi, akauliza bei, akaurudisha. Alipogeuka tu, muuza samaki akamwimbia mgongoni: "Tutaruuudi!" Na meza zote za samaki zikaitikia, kwa pamoja, vizuri kabisa, kwa sababu huu ni Port Said na kuitikia tunajua.

Hasira za mkizi furaha ya mvuvi. Alhamisi iliyofuata watu walijaa mpaka kwenye ngazi.

Hapo ndipo mji ulipogawanyika. Mkahawa wa pembeni mwa ukumbi ulikatwa katikati: upande wa dirisha ni Jumuiya, upande wa televisheni ni sisi, na mhudumu anapita katikati na trei kama askari wa Umoja wa Mataifa. Kinyozi wa Fikri alimnyoa nusu kichwa, akamwuliza, "Na kimya chenu mnakipenda?" akaiweka mashine chini, akamwacha hivyo. Nilianza kusikia kwamba nimeuza simsimia kwa Wazungu, kwamba nimeuza kwa Cairo, ambayo ni dhambi kubwa zaidi, na kwamba baba ananung'unika kaburini. Kaburi la baba nalipalilia mimi. Hajaninung'unikia kitu.

Asili, asili. Ami Badawi mwenyewe aliwahi kunisimulia kuhusu babu yake, aliyekuwa mkubwa wa damma enzi za kupiga makofi matupu, kabla ya simsimia. Mtu wa kwanza kuingia na simsimia alitupiwa kiatu. Chombo cha walevi, walisema, kitaua damma. Nyuzi zake zilikuwa waya za simu zilizoibwa nguzoni. Huo ndio mti mtakatifu ambao Haji Muntasir anaulinda usidondokewe na tone la umeme.

Na mashabiki wetu wapya, tusidanganyane, hawakuwa malaika. Wengi walikuja kungoja mzee mwingine aaibike. Kijana mmoja aliniuliza zile nyimbo za maiti tutaacha lini kuzipiga, akiwa na maana ya nyimbo ambazo mamake alibembelezewa. Mwingine alisema simsimia inapendeza, lakini ingependeza zaidi ikiondolewa. Niliwatazama nikajua kwamba upumbavu hauna umri, una viatu tofauti tu.

Ikafika juma la Sham el-Nesim, sikukuu yetu ya majira ya machipuko. Kila mwaka mtaa hutengeneza Limbi, mwanasesere wa kuchomwa mkesha wa sikukuu. Jina ni la jenerali Mwingereza ambaye mababu walimchoma kwa hasira ya kweli. Siku hizi anachomwa yeyote: refa, mwanasiasa wa nchi ya mbali, mfanyabiashara aliyepandisha bei ya vitunguu. Jumamosi asubuhi Fikri alinigongea mlango huku anahema.

"Rawia, vaa twende. Mwaka huu ni wewe."

"Mimi nini?"

"Limbi. Wamekutengeneza."

Mama alikaa chini hapo hapo, kisu cha vitunguu mkononi. Mimi nilivaa viatu.

Walikuwa wameniweka juu ya meza mbili nje ya mkahawa. Suruali iliyojazwa matambara, blauzi ya mtu mnene, nywele za kamba ya katani. Mikononi nimepewa kinanda cha boksi, na shingoni kibao: *RAWIA MUUA JAWABU*. Haji Muntasir alisimama kando na brashi ya rangi.

"Haji," nilisema, "huyu mimi?"

"Ajijuaye ajijue."

"Mbona mmeninyima shingo?"

"Shingo ya nini, na mwenyewe hainami?"

Watu wakacheka, na nakiri ilikuwa nzuri. Nilikizunguka kile kinanda.

"Vibonye vyeusi saba mfululizo, Haji? Huwa viwili na vitatu. Hata kumchoma mtu kuna kazi yake. Si mngeuliza?"

"Hatujazoea kutazama uchafu kwa karibu."

"Na 'muua jawabu' herufi ni za nani? Hii *j* imepinduka."

"We msichana," alisema, na rangi nyeusi ya brashi ikamdondokea kiatuni. "Miaka kumi na tisa nimeitikia nyuma ya baba yako. Hilmi akisahau ubeti, mimi ndiye niliyekuwa namtilia. Hakuwahi kuniacha nikaanguka peke yangu. Hata siku moja. Wewe umenitegea shimo mbele ya watoto."

"Sikukutegea. Huo ni muziki."

"Muziki gani wa kunyamaza? Kunyamaza hata punda anaweza."

"Basi wewe ulishindwa na punda, Haji," alisema Fikri.

Haikufaa kusemwa. Ilisemwa, watu wakacheka upya, na uso wa Haji Muntasir ukafungwa kama dirisha la ofisi saa nane mchana.

"Nimezungumza na Bi Nagla," alisema. Bi Nagla ndiye msimamizi wa ukumbi. "Alhamisi baada ya sikukuu, mbele ya wote, utaomba radhi. Ukikataa, Wana wa Gati hamuukanyagi ukumbi ule tena. Si wewe, si huyu mpiga debe, si Badawi. Wanachama kumi na wanne tumetia sahihi."

Fikri alinipiga picha na mwanasesere wangu, tukaondoka. Jioni ya mkesha polisi walikataza moto kwa sababu ya nyaya za umeme, hivyo nilichomwa mguu mmoja tu. Asubuhi gari la takataka lilinichukua, mguu wa pili ukiwa mzima.

Siku yenyewe ya Sham el-Nesim, mchana, Ami Badawi alikuja nyumbani na samaki wa chumvi kwenye karatasi. Mama alimkaribisha kwa macho ya mtu aliyemwita yeye mwenyewe. Tulikaa sote watatu, mayai ya rangi mezani, harufu ya samaki imetawala nyumba, na hakuna aliyetaja jambo mpaka mama alipokumbuka ghafla kwamba ana kitu jikoni.

"Mwanangu," Ami Badawi alisema, "radhi si damu. Haitoki ikakuua."

"Ami, sina kosa."

"Nani kasema una kosa? Nimekwambia uombe radhi, sijakwambia uwe na kosa."

"Wewe ulikuwepo. Umeona mwenyewe. Alijipakaza mwenyewe."

"Nimeona."

"Na hukucheka. Ukumbi mzima umecheka, wewe hukucheka. Kwa nini?"

Alimenya kitunguu polepole, ganda kwa ganda.

"Kwa sababu nami nilikuwa najibu," alisema. "Nimefanya mazoezi na wewe mara ishirini, najua pale hakuna kitu. Lakini nilipouliza lile swali mbele ya watu, wakanyamaza, mdomo ukaanza wenyewe. 'Tuta-' nilishalitoa. Muntasir kaniwahi tu. Ningechelewa kufunga mdomo, ningekuwa mimi huyo wa sokoni."

Nilimmiminia chai.

"Wimbo wako ni mzuri," aliendelea. "Ni mzuri kuliko nyingi ninazozijua. Lakini mimi nikiimba nisiitikiwe, najisikia kama yule kichaa wa gatini anayezigombeza meli. Vijana wanatazama. Wananitazama mdomo. Miaka arobaini hakuna mtu aliyewahi kunitazama mdomo."

"Basi ni wimbo usiokufaa, Ami."

"Haunifai. Alhamisi ndiyo inanifaa." Akaweka kitunguu chini. "Vikundi vingine vina waimbaji wao. Harusi zinataka mashine. Mimi nikikosa ukumbi ule, ni mzee anayefungua saa za watu. Neno moja, Rawia. Ungelisema hata kwa mdomo wa pembeni."

Nilimkatia mkate. Nilimwekea samaki, nikamkamulia limau. Akala, akaenda.

Siku tatu zile nililijaribu lile neno. Nalisema wazi, kwa sababu kuna watu wanaosema nina jiwe kifuani. Nililijaribu bafuni, nililijaribu kwenye kivuko, watu wakinipisha. "Haji, niwie radhi." Linatamkika. Ukimfikiria Ami Badawi na kibanda chake, linatamkika kabisa. Nilikwenda ukumbini Alhamisi nikiwa nalo mdomoni, nimeshalitafuna likalainika.

Lingetoka. Lakini Haji Muntasir, karani mpaka kufa, alikuwa ameliandika kwenye karatasi.

Ukumbi ulijaa, pande zote mbili. Bi Nagla alikaa mezani na birika, mama wa watu hataki kesi, anataka ukumbi ufagiliwe na watu waende kwao. Haji Muntasir akanikabidhi karatasi kwa mikono miwili.

"Soma," alisema. "Kisha weka sahihi."

Nikasoma, kwa sauti, kama nilivyoambiwa.

"'Mimi, Rawia binti Hilmi, nakiri kwamba kimya ambacho kilichotokea—' Haji, *ambacho kilichotokea*? Chagua kimoja. 'Kimya ambacho kimetokea', au 'kimya kilichotokea'."

Upande wa televisheni ukaguna kwa raha.

"Soma ulichoandikiwa."

"Unataka niweke jina langu chini ya hiki?" Nikatoa kalamu, nikakata. "'Nakiri kwamba kimya hicho nilikitega kwa makusudi.' Kimya hakitegwi, hutegwa panya." Nikakata. "'Ili kuwafedhehesha wazee na kuhujumu urithi.' Hujuma ni neno la mahakamani, lakini liache, limekupendeza."

"Rawia," alisema Bi Nagla, "sema neno tunywe chai."

Ningelisema. Wallahi, hata hapo, na kalamu mkononi na kiburi kichwani, ningelisema, kwa sababu nilimwona Ami Badawi amekaa kwenye kiti cha peke yake, kati ya pande mbili, kofia kaipakata. Lakini jicho lilishateremka kwenye mstari wa mwisho.

"'Na kuanzia leo,'" nilisoma, "'kila wimbo wangu utakuwa na jawabu, na kila jawabu litapitishwa na Jumuiya.'"

Nilisoma mstari ule mara ya pili, kimoyomoyo, kutafuta kosa la sarufi. Haukuwa na kosa. Hapo ndipo mahali pekee alipojua anachotaka kusema.

"Kupitishwa vipi, Haji?"

"Tutasikiliza. Tutasema."

"Mtagonga muhuri."

"Ikibidi muhuri, muhuri."

Nikairudisha karatasi ikiwa imejaa mistari yangu ya wino, haina sahihi.

"Nimekusahihishia," nilisema. "Imekuwa nzuri kiasi. Mtafute mwingine wa kuiwekea jina."

Zikapigwa kelele kama za gati siku meli mbili zinapoingia pamoja. Sikuwa na adabu; sikuwa na baba; baba nilikuwa naye lakini nilimzika na adabu zangu. Upande wetu nao ukajibu kwa yale ya kwake, na mzee mmoja akarushiwa kipande cha mkate. Katikati ya yote hayo Ami Badawi alisimama. Hakupaza sauti.

"Mwanangu."

"Hapana, Ami."

"Hata kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili yako ningemwomba radhi yeye. Siwezi kumpa nyimbo."

Alinitazama. Kisha akavaa kofia, akatembea hatua sita, akakaa kwenye kiti kitupu safu ya mbele, kando ya Haji Muntasir. Haji hata hakujua afanye nini na ushindi wake, alimsogezea chai.

Tangu siku hiyo kuna vikundi viwili. Kimoja ni Wana wa Gati, kingine ni Wana wa Gati ya Asili, na tarishi wa mji mzima hupeleka barua kusiko. Wao wana ukumbi, Alhamisi, na Ami Badawi. Sisi tunapiga Ijumaa mchana ng'ambo, Bur Fuad, katika ukumbi wa harusi usio na harusi. Fikri alidumu miezi mitatu. Mwimbaji mmoja wa Cairo aliiona ile video, akamwajiri, sasa anapiga ngoma nyuma ya mtu anayeimba kuhusu miwani yake. Jina langu limekatwa kwenye orodha ya tamasha la mkoa kwa miaka miwili mfululizo, hakuna anayejua ni nani aliyelikata, limejikata lenyewe. Naimba mwenyewe. Gazeti la mjini limesema sauti yangu ni ya birika lililosahauliwa jikoni, na sina hoja dhidi ya hilo. Ningempata mwimbaji kama Ami Badawi ningemlipa kwa figo.

Wasichana wa kiwanda wanakuja. Kile kimya cha mapigo manne wameanza kukijaza kwa vigelegele. Niliwakataza. Walinitazama, wakasubiri Ijumaa iliyofuata, wakapiga vigelegele virefu zaidi. Bado tunagombana.

Mwezi uliopita nilivuka kuja mjini kununua nyuzi, nikapita pale ukumbini, ilikuwa Alhamisi. Dirisha lilikuwa wazi. Ami Badawi alikuwa anaimba kurudi, kwa treni, na wale wanaume wakamjibu. Wamebaki kumi na mmoja. Walimjibu kwa wakati, kwa sauti moja iliyolowa, na sauti yake ikapanda juu yao ikatulia pale, haina haraka, haina wasiwasi kama kuna mtu. Ilikuwa nzuri. Sitasema uongo ili nionekane nimeshinda. Nilisimama nyimbo mbili nzima na pakiti ya nyuzi mkononi.

Haji Muntasir alitoka kuvuta sigara, akanikuta. Amepungua, shati linamcheza. Alinitazama, akatazama dirisha, akanitazama tena.

"Anakutaja," alisema. "Kila Alhamisi akimaliza anauliza kama umepita."

"Mwambie sijambo."

"Mwambie mwenyewe. Mlango huo hapo." Akatupa jivu. "Karatasi nimeichana. Jumuiya haitakupitishia nyimbo, piga upendavyo huko ng'ambo. Nataka neno tu. Hapa, sisi wawili, hakuna simu. Kisha uingie ukae naye."

Ndani wimbo wa tatu ulikuwa unaanza. Nilijua nikikaa kidogo nitaitikia.

"Siombi radhi, Haji."

"Hata kwa kucheka?"

"Ilichekesha," nilisema. "Siombi."